Kutembelea Kew Gardens, London: Fuata Mimea ya Kwetu

Mgeni akitoka Tanga, Mombasa au Kampala kuja London, wenyeji wake humpeleka Westminster akaione saa kubwa, wakampitisha mbele ya kasri la mfalme, kisha wakamrudisha nyumbani miguu imevimba. Wageni wangu mimi nawapeleka Kew. Nimezaliwa Muheza, nimekulia chini ya Milima ya Usambara, na sasa naishi Ealing, magharibi ya London, kwa hiyo bustani hii ni jirani yangu. Nawaandikia mnaofikiria kwenda, hasa mnaodhani ni mahali pa kutazama maua ya Wazungu. Mimea ya kwetu imo humo, tena mingi, na ukiifanya hiyo ndiyo kiongozi wako utaijua Kew kuliko anayezunguka na ramani ya mlangoni.

Bustani ilianza mwaka 1759, enzi za Princess Augusta, mama yake Mfalme George III. Leo ina hekta 130 hivi, na tangu 2003 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa siku moja hamtaimaliza, na wanaojaribu huishia kuona njia za lami tu. Chagueni nyumba tatu za vioo na kivuli kimoja cha kulia chakula, basi.

Kabla ya kutoka nyumbani

Tiketi inunuliwe mtandaoni, mapema, maana mlangoni ni ghali zaidi. Bei hupanda kuanzia Februari hadi Oktoba na hushuka miezi ya baridi. Mtoto aliye chini ya miaka minne halipi. Na hili nalisema kwa sauti, kwa sababu najua watu wanaoipita Kew kwa basi kila siku wakiamini kwamba haiwahusu: anayepokea Universal Credit au Pension Credit, misaada ya serikali ya Uingereza kwa wenye kipato kidogo, huingia kwa pauni moja. Chagueni tiketi hiyo mnaponunua na mje na uthibitisho. Ukiwa unamsindikiza mgonjwa au mtu mwenye ulemavu kama mlezi wake, angalia tiketi ya mlezi, ambayo ni ya bure. Viti vya magurudumu vipo vya kuazima. Agizeni kabla ya siku yenyewe.

Milango hufunguliwa saa nne asubuhi. Saa ya kufunga hubadilika na majira, na nyumba za vioo hufungwa mapema kuliko bustani, jambo linalowakuta wengi wanaofika saa nane mchana wakati wa baridi. Desemba 24 na 25 hakuna kuingia. Upepo ukiwa mkali bustani inaweza kufungwa hata siku ya kawaida, kwa kuhofia matawi ya miti mikubwa, kwa hiyo tazama tovuti yao asubuhi kabla hujavaa viatu. Kew pia wametangaza mpango wa kuifunga Palm House, nyumba ya vioo ya mimea ya nchi za joto, kwa ukarabati mkubwa utakaochukua miaka kadhaa. Hakikisha iko wazi kabla hujaiweka kwenye ratiba.

Kuhusu majira, Waingereza watakwambia nenda Aprili uone micheri ikichanua, au mwanzoni mwa Mei uone maua ya samawati yakitandaa msituni karibu na Queen Charlotte's Cottage. Ni kweli yanapendeza. Ila kwa mgeni kutoka nyumbani mimi napenda zaidi Februari. Nje baridi inakata masikio, umejifunga skafu mpaka puani, halafu unasukuma mlango wa Palm House na joto la pwani linakupokea usoni. Mwezi huohuo kwa kawaida huwa na tamasha la okidi ndani ya Princess of Wales Conservatory, nyumba nyingine ya vioo. Utakachokosa ni Waterlily House, nyumba ya mayungiyungi, ambayo hufungwa miezi ya baridi. Vaeni nguo zinazovulika moja juu ya nyingine, na mwenye miwani asubiri kidogo mlangoni, maana vioo vitafunga ukungu mara moja. Simu pia: lenzi ikishapata joto ndipo upige picha.

Sasa maandalizi ambayo karibu hakuna anayeyafanya, nami nayashikilia. Kaa na wageni wako usiku wa kuamkia safari, andikeni mimea kumi ya nyumbani, kila mmoja na jina lake la kisayansi. Mnazi ni Cocos nucifera. Mchikichi, Elaeis guineensis. Mkahawa wa Kilimanjaro ni Coffea arabica, na ule wa Bukoba na Uganda ni Coffea canephora. Mkonge wetu wa Tanga ni Agave sisalana, mbuyu ni Adansonia digitata, mkarafuu ni Syzygium aromaticum, iliki ni Elettaria cardamomum. Majina hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye vibao huko ndani. La Kiswahili hutalikuta. Kisha fungueni Plants of the World Online, hazina ya Kew ya mtandaoni isiyotozwa hela. Andika jina, na utaletewa ramani ya dunia yenye nchi ambako mmea ni wa asili na nchi ulikopelekwa. Watoto wangu walishangaa kuona kwamba mkonge kwao ni Mexico na mkarafuu kwao ni visiwa vya Indonesia. Orodha hiyo mkononi inambadilisha mtoto: anatafuta, wala haburutwi.

Kufika

Kituo ni Kew Gardens, kwenye District line na kwenye Mildmay line ya Overground. Ukipanda District soma ubao wa treni: panda inayokwenda Richmond. Za Ealing Broadway na Wimbledon zina njia zao na hazifiki Kew. Ukishuka, ni mwendo wa dakika tano hivi kwenda Victoria Gate. Mimi hupanda basi namba 65 kutoka Ealing Broadway, linalopita Kew Road kandokando ya ukuta wa bustani. Nauli yake ni nafuu kuliko treni na mzee hashuki ngazi hata moja.

Ingieni kwa Victoria Gate. Elizabeth Gate iko upande wa kaskazini na Lion Gate kusini kabisa, lakini kutoka Victoria mnakuwa karibu na Palm House, na hapo ndipo pa kuanzia.

Palm House

Nyumba hii ilijengwa kati ya 1844 na 1848 na Decimus Burton na Richard Turner, kwa chuma na vioo, kwa ufundi uliotoka kwa waunda meli. Ndani mimea imepangwa kwa pande za dunia: kusini ni Afrika, katikati Amerika, kaskazini Asia na Pasifiki. Ingieni kwa mlango wa kusini. Wengi huingia kwa mlango wa kati, wakafika Afrika wakiwa wameshatota jasho na wanataka kutoka.

Upande huo wa kusini kuna mzee. Ni sikadi, Encephalartos altensteinii, mmea unaofanana na mnazi uliochoka, shina lake limelala upande na limewekewa nguzo za kuliegemeza. Francis Masson, mtu wa kwanza kutumwa na Kew kwenda kukusanya mimea nchi za mbali, aliuleta mwaka 1775 kutoka Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini. Tangu hapo umekaa kwenye kasha, na unahesabika kuwa miongoni mwa mimea ya chunguni yenye umri mkubwa kabisa duniani. Ulizaa koni hapo Kew mwaka 1819. Nawaomba msimame hapo dakika kadhaa. Ulipofika London, Zanzibar ilikuwa bado haijawa makao ya masultani wa Oman. Ndugu yake, Encephalartos hildebrandtii, anaota porini pwani ya Kenya na Tanzania, na huenda umeshampita njiani usimjue.

Hapo ndipo pa kujifunza kusoma kibao. Kibao ni kidogo, cheusi, kimechomekwa udongoni au kimefungwa shinani. Kuna namba: tarakimu nne za mwanzo mara nyingi ni mwaka ambao mmea uliandikishwa kwenye daftari la Kew. Kuna ukoo wa mmea, kuna jina lake la kisayansi, na chini pameandikwa unakotoka. Angalieni sana sehemu ya pili ya jina. Ukiona usambarensis, huyo ni wa milimani kwetu. Ukiona zanzibarica au kilimandscharica, huhitaji kuelezwa. Na kirkii ni John Kirk, daktari aliyefuatana na Livingstone mto Zambezi, kisha akawa mwakilishi wa Uingereza Unguja na kuituma mimea Kew mwaka baada ya mwaka.

Kirk huyo ana ua ambalo mtalikuta hata nje ya Kew, kwenye vyungu vya madirisha ya Waingereza kila kiangazi. Kwa sayansi ni Impatiens walleriana, la waridi, jekundu au jeupe, na asili yake ni Afrika Mashariki. Alilipeleka kutoka Unguja, na mwaka 1882 Joseph Hooker, mkurugenzi wa Kew wakati huo, akalipa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye ilithibitika ni ua lilelile lililokwisha kuitwa walleriana, na kwa kanuni za wanasayansi jina lililotangulia ndilo hushinda. Majirani zangu hulinunua kwa trei nzima bila kujua kwamba wananunua ua la kwetu. Mimi huwaambia.

Mkiendelea ndani mtakutana na mnazi, mchikichi, mkakao, mgomba, na mkahawa. Mama yangu alipokuja kututembelea hakukisogelea hata kibao cha mkahawa. Aliinama akatazama majani yanavyotoka mawili mawili yakielekeana, yana mng'ao na kingo zenye mawimbi, kisha akafuata tawi kwa macho hadi pale matunda yanapokaa kwa vishada kwenye kila kifundo. Akasema, hili halijachumwa kwa wakati wake, lile jekundu lingekuwa limeshaanikwa. Akataka kulichuma. Hapana: Kew hakuna kuchuma jani, tunda wala mbegu, hata iliyoanguka chini, na wageni wenye mikono ya shamba waelezwe mapema ili wasiaibishwe mbele za watu. Kugusa taratibu ili kunusa sijaona mtu akikatazwa, ila kuvunja jani ni mwiko.

Mkiona mmea mdogo wenye maua ya waridi au meupe, Catharanthus roseus, mnaoujua kwenye nyua za pwani, mwambieni mtoto kwamba asili yake ni Madagaska na kwamba humo hupatikana vinkristini na vinblastini, dawa zinazotumika kutibu saratani ya damu na nyinginezo.

Kuna ngazi ya mzunguko inayopanda hadi roshani ya juu. Ikiwa wazi, pandeni, mkaangalie makuti kutoka juu. Huko joto ni kali zaidi, na mwenye presha abaki chini.

Yungiyungi la Rwanda

Ikiwa ni kiangazi, Waterlily House iko palepale jirani, na humo au kwenye Princess of Wales Conservatory mnaweza kuona Victoria, mayungiyungi yenye majani makubwa kama sinia. Mwaka 2022 wanasayansi wa Kew walitangaza aina ya tatu, Victoria boliviana, ambayo jani lake hufika upana wa meta tatu.

Watu wote hupiga picha hilo kubwa. Mimi huwasimulia lililo dogo kuliko yote, Nymphaea thermarum. Mtaalamu wa Kijerumani, Eberhard Fischer, aliligundua mwaka 1987 kwenye chemchemi ya maji moto huko Bugarama, kusini magharibi mwa Rwanda. Jani lake linaweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Mwaka 2008 likatoweka pale baada ya maji ya chemchemi kuhamishiwa matumizi mengine. Mbegu zilikuwapo Ulaya, lakini miche ilikuwa ikifa kila ilipooteshwa ndani ya maji kama mayungiyungi mengine. Carlos Magdalena, mkulima wa Kew, akatambua kwamba hili halioti kwenye kina: kwao linakaa kwenye tope la uvuguvugu, majani yakigusa hewa, na linahitaji kaboni dioksidi ya hewani. Aliweka miche usawa wa maji, kwenye joto la nyuzi 25, na mwaka 2009 likachanua. Mwaka 2014 mwizi akang'oa mche mmoja kutoka Princess of Wales Conservatory akatoroka nao. Ulizeni wahudumu kama linaonyeshwa siku hiyo. Wanaolijua hufurahi kuulizwa.

Princess of Wales Conservatory yenyewe ilifunguliwa 1987 na ina kanda kumi za hali ya hewa chini ya paa moja. Mnatoka jangwani mnafungua mlango mnaingia msitu wa mvua. Kwenye jangwa wamejaa jamaa za mkonge na mishubiri. Watu wa Tanga hapo hukaa sana. Tafuteni pia ua la Usambara, lile la zambarau linalouzwa kwenye vikopo madukani Ulaya nzima. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipeleka Ujerumani mwaka 1892, likaitwa Saintpaulia kwa jina la ukoo wake. Siku hizi wanasayansi wameliingiza katika Streptocarpus, kwa hiyo likiwa na kibao kipya mtasoma Streptocarpus ionanthus. Misitu ya milimani kwetu ambako liliokotwa inaendelea kupungua, na kila ninapoliona limewekwa karibu na kaunta ya kulipia natamani pangekuwa na karatasi inayosema limetoka wapi.

Chakula, sala na watoto

Migahawa ipo, na bei zake ni za London. Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa, mtandike mkeka nyasini. Kuchoma nyama, baiskeli na mipira ndivyo haviruhusiwi. Sisi hubeba chapati, mayai ya kuchemsha, maandazi na chupa ya chai. Adhuhuri husali kwenye nyasi mbali na njia kuu, chini ya miti, na sijawahi kusumbuliwa. Ndege za Heathrow hupita juu kila baada ya muda mfupi. Mgeni atashtuka mwanzoni.

Wenye watoto wa miaka 2 hadi 12 waangalie Children's Garden, iliyofunguliwa 2019. Nendeni huko baada ya nyumba za vioo. Mkianza nayo hamtawatoa.

Mchana: Temperate House

Hii ndiyo nyumba kubwa ya vioo iliyobaki duniani kutoka enzi za Malkia Victoria. Ilifunguliwa 1863, ikafungwa kwa matengenezo 2013 na kufunguliwa tena 2018. Ndani si joto kali, kwa hiyo wazee hupumzika vizuri. Mimi huenda moja kwa moja kwa Encephalartos woodii. John Medley Wood aliuona mmoja tu mwaka 1895, msitu wa Ngoye, KwaZulu-Natal ya leo, Afrika Kusini. Ulikuwa dume, na jike halijapatikana mpaka leo. Iliyopo yote duniani ni machipukizi ya huo mmoja, na huu wa Kew ulifika 1899. Wageni wangu wengi hunyamaza wakisikia hivyo, kisha wanaanza kuuliza kuhusu miti ya kwao.

Jibu la maswali mengi ya aina hiyo limehifadhiwa kwenye jengo karibu na Elizabeth Gate, ambamo watalii hawaingii: hifadhi ya mimea iliyokaushwa, sampuli milioni 7 hivi. Kutokana na sampuli kama hizo, na kwa kushirikiana na hifadhi ya Nairobi na wataalamu wa nchi zetu, iliandikwa orodha ya mimea ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kazi ilianza 1948 ikakamilika 2012, na imeorodhesha spishi zaidi ya 12,000. Maelezo yake mengi yamo kwenye tovuti ileile niliyowatajia, Plants of the World Online. Mwalimu wa sayansi aliyeko Korogwe au Kitale akiwa na simu anaweza kuyasoma.

Mkibakiwa na nguvu, karibu na hapo kuna njia ya juu ya miti, meta 18 kutoka ardhini, na ina lifti. Pagoda ya 1762 ina ngazi 253. Nimeshasema miguu ya wageni ina kikomo. Jengo la Marianne North lina michoro zaidi ya 800 ya mwanamke huyo aliyezunguka dunia akichora mimea, ukuta mzima umejaa hadi juu. Robo saa inatosha, na kuna mahali pa kukaa.

Tokeni kwa Victoria Gate, pana duka. Hapo mgeni atataka kununua bahasha za mbegu au mche wa chungu kupeleka nyumbani. Mzuie. Mmea na mbegu haviingii begini hivihivi: vinahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, na wanaohusika ni mamlaka za afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya. Bila karatasi hizo vitachukuliwa uwanja wa ndege na kuharibiwa, na sababu ni ya kweli, kwani mdudu mmoja au ugonjwa wa kuvu uliojificha kwenye udongo wa chungu unaweza kumaliza shamba la jirani. Mnunulie kadi zenye michoro ya mimea au kitabu cha watoto. Karatasi ya majina kumi mpeni aende nayo nyumbani, aongeze mengine ya shambani kwake.